Kabla ya kuuliza chuo kipi kigumu

Mhariri,

Msimu wa maombi ukifika, watahiniwa na wazazi huulizana chuo kipi kigumu na kipi kina raha, na majibu huwa ni sifa za mtaani. Masomo na starehe vyote hulipwa kutoka saa 168 za wiki, na hesabu hiyo mtu anaweza kuipiga mwenyewe.

Marekani, krediti moja ni takriban saa moja ya darasani na angalau mbili za kujisomea kila wiki. Aliyebeba krediti 15 anadaiwa saa 45. Ulaya, mwaka wa masomo una krediti 60 za ECTS (mfumo wa krediti wa vyuo vya Ulaya), kila moja saa 25 hadi 30. Oxford, Uingereza, nako mihula mitatu ina wiki nane nane tu. Mzigo hubanwa humo, na likizo nyingi huishia kwenye vitabu.

Alama ndizo zinazopotosha zaidi. Princeton, chuo cha Marekani, mwaka 2004 iliweka lengo la kila idara kutozidisha asilimia 35 ya alama za A, ikaliacha mwaka 2014. GPA (wastani wa alama) ya mhitimu wa miaka ile haiwezi kuwekwa kwenye mizani moja na ya chuo kisicho na kikomo. Na hapa ndipo masomo yanapogusa urafiki: A zikiwa za kugombaniwa, daftari halikopeshwi. MIT, chuo kingine cha Marekani, muhula wa kwanza mwanafunzi hupata "amefaulu" au, akifeli, hakiandikwi kitu, kwa hiyo wageni hukaa pamoja na maswali yao bila kuoneana wivu. Caltech, nako Marekani, wengi hufanyia mtihani chumbani, bila msimamizi, kwa kuaminiana.

Jina la chuo pia huficha idara. Maabara ya saa tatu huweza kuhesabiwa krediti moja, na ripoti yake ikala usiku mzima; jirani wa bweni anayesoma fani nyingine yuko uwanjani. Kwa hiyo omba ratiba ya mwaka wa pili wa fani yako, maana wa kwanza mara nyingi huwa mpole. Omba na muhtasari wa kila kozi, kisha weka tarehe zote za kazi na majaribio kwenye kalenda moja. Kozi tano zenye kazi za kawaida huweza kukuangusha iwapo nne zinadai wiki ileile. Tazama pia mtihani wa mwisho unabeba asilimia ngapi: ukibeba 70, muhula utaonekana wa raha hadi wiki mbili za mwisho.

Orodha ndefu ya klabu usiitegemee. Nyingi ziko kwenye karatasi tu. Uliza wangapi wa mwaka wa pili wanalala chuoni, kwa sababu chuo cha wanaotoka majumbani hubaki kitupu alasiri. Na ukienda kutembelea, achana na siku ya maonesho. Nenda Jumanne jioni katikati ya muhula, uone maktaba inafungwa saa ngapi na basi la mwisho linaondoka lini.

Mshauri wa wanafunzi