Barua ya wazi kwa Mjomba, kuhusu kilomita sita nilizosukuma

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ule mguu umepunguza kuuma. Nimeiandika mahali ambapo kila mtu anaweza kuisoma, si kwa kukukosea adabu, bali kwa sababu ahadi yako nayo uliitoa hadharani, pale barazani Ngamiani, mbele ya wazee wenzako na bao likiwa katikati yenu: kwamba utanichangia shilingi 500 kwa kila kilomita nitakayoendesha baiskeli kutoka Tanga hadi Lushoto, na kwamba kilomita ya kusukuma haihesabiwi. Wenzako walicheka sana. Leo nimekuletea hesabu.

Kwanza nijibu swali lako, maana siku ile nilinyamaza. Uliuliza ni akili gani hii ya kuwaomba watu fedha kwa sababu ya kuendesha baiskeli, katika mji ambao muuza samaki, mwanafunzi na mwalimu wa madrasa wote wanapanda baiskeli kila siku na hakuna anayewapa hata senti. Ukasema kwamba kama shule yetu inahitaji baiskeli za matairi matatu kwa watoto wasioweza kutembea, basi ipitishwe bahasha, watu watoe, na mimi nibaki nyumbani. Mjomba, bahasha tuliipitisha. Ilizunguka mwezi mzima, ikarudi na fedha zisizofika hata nusu ya baiskeli moja. Wewe unawajua watu wetu kuliko mimi. Kadi ya mchango wa harusi ikigonga mlango, mtu atakopa ili jina lake lisikosekane kwenye orodha ya kamati. Lakini mtoto anayebebwa mgongoni na dada yake kila asubuhi kwenda darasani hana kamati wala ukumbi. Safari ya baiskeli iliwapa watu jambo la kubishania: je, mwalimu atafika, au ataishia Muheza? Hata wewe hukutoa ahadi kwa huruma, uliitoa kwa ubishi, na siwezi kuficha kwamba ubishi ndio uliotuletea fedha nyingi kuliko huruma.

Mazoezi yalianza mwezi Machi. Nilidhani kwamba, kwa kuwa nimepanda baiskeli tangu siku zile ulipokuwa ukinishikia kiti kwa nyuma na kukimbia nami, mwili ulikuwa tayari. Kumbe kwenda sokoni na kurudi hakumwandai mtu kukaa juu ya kiti kwa saa sita. Pongwe nilikwenda na kurudi vizuri, lakini Jumamosi ya kwanza niliyofika Muheza nilirudi magoti yakiwaka moto. Ulipofika kunijulia hali uliitazama baiskeli kabla ya kunitazama mimi, ukasema neno moja tu: kiti. Ukaniegemeza ukutani, ukaniagiza niweke kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa, ukakipandisha kiti mpaka mguu uliponyooka. Kisha nilipokanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti likabaki limekunjika kidogo, na ukasema hapo ndipo panapotakiwa. Ulinikataza pia kuponda gia nzito, ukisema miguu na izunguke upesi kwa gia nyepesi, kwa kuwa goti halina spea. Baada ya wiki mbili maumivu yaliisha. Kuhusu nguo, shangazi ndiye aliyenishauri nivae suruali na kanzu fupi, baada ya pindo la baibui kunaswa na mnyororo mbele ya watu wote wa stendi, na kisa hicho sitakirefusha.

Usilonifundisha ni kula, na sikulaumu, kwa sababu enzi zako nadhani mlikuwa mkitembea na kipande cha muhogo bila kukiita mazoezi. Mwezi Mei, masika ilipopumzika kidogo, nilikwenda hadi Hale nikiwa nimekunywa chai tupu. Wakati wa kurudi, kabla sijafika Muheza, mwili ulizimika kama koroboi iliyokauka mafuta. Mikono ilitetemeka, macho yakaona barabara mbili, na nilikaa chini ya mchungwa nikilia bila kujua ninalilia nini, mpaka mama mmoja muuza machungwa aliponimenyea matatu na kukataa fedha. Baadaye nilielezwa kwamba sukari ambayo mwili hujiwekea akiba huanza kwisha baada ya saa moja na nusu au mbili za kazi ngumu, na kwamba mtu akisubiri njaa imwambie, amechelewa. Tangu siku hiyo nilikula kila nusu saa, ndizi au tende au kipande cha kashata, na katika chupa nilitia maji ya lita moja, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, kama yale tunayowapa watoto wanaoharisha. Ladha yake haipendezi.

Tuliondoka Tanga saa kumi na moja alfajiri, watu kumi na wanne. Hadi Segera ilikuwa raha, mkonge kushoto na kulia, na upepo wa kusi ukitupiga ubavuni, hivyo tulijipanga mmoja nyuma ya mwingine na kupokezana wa mbele, kwa kuwa anayejificha nyuma ya mwenzake hupunguziwa kazi kubwa. Kuanzia Segera, raha ilikwisha. Ile ndiyo njia ya mabasi ya Moshi na Arusha, na lori likikupita kwa karibu, upepo wake kwanza hukusukuma nje kisha hukuvuta ndani, mpaka mikono inabaki imeung'ang'ania usukani kama mikono ya mtu mwingine. Tulilala Korogwe. Sina la kusema kuhusu Korogwe isipokuwa kwamba nililala.

Kabla ya Mombo nilipata pancha ya mwiba, na hapa naomba radhi. Mara ngapi umenionyesha: kwaruza mpira kwa msasa, paka solusheni, subiri mpaka isigande kwenye kidole, ndipo ubandike kiraka? Wenzangu walikuwa wakinisubiri juani, nikaona haya, nikabandika ikiwa bado mbichi. Kiraka kilidumu kilomita tatu. Mara ya pili nilisubiri, nikawaacha wanune, na kiraka hicho bado kipo hadi leo, njoo ukikague.

Sasa mlima. Mombo ipo chini, jotoni, na Lushoto ipo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kati yake ni kilomita 33 za kona, ambamo mtu hupanda karibu mita 1,000. Nilijitahidi. Nilitumia gia nyepesi kuliko zote, nikahesabu miti, nikahesabu mawe, na bado kabla ya Soni miguu ilikataa. Nilishuka. Wenzangu walikuwa wametangulia, na hakuna aliyeniona isipokuwa wavulana wawili waliobeba kuni, ambao walinisalimu kwa Kisambaa, na mmoja, bila kuombwa, akatua mzigo wake, akashika kiti kwa nyuma na kusukuma pamoja nami hadi kwenye kona iliyofuata. Nilipanda tena, nikashuka tena baada ya Soni. Kila niliposhuka nilisoma mita ya kilomita niliyofunga kwenye gurudumu, na kila nilipopanda niliisoma tena.

Jumla ni kilomita 162. Nilizosukuma ni sita. Zimebaki 156, ambazo kwa shilingi 500 ni shilingi 78,000. Kurudi tulirudi kwa lori, baiskeli zikiwa zimefungwa kamba, na huko sikuandika kitu. Tulilenga baiskeli saba za matairi matatu na tumepata fedha za nne, ambazo fundi ameanza kuzichomelea. Anasema mnyororo wa mkono unamsumbua, na nimemwambia ninamjua mzee anayeweza kumwelekeza.

Nitapita barazani Ijumaa jioni. Mita nitakuja nayo, kwa sababu najua utaitaka.

Mpwa wako,
Mwalimu