Risala ya Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Polio Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa kata, walimu, wazazi na wanafunzi,

Tunakushukuru kwa kuungana nasi leo, tarehe 24 Oktoba. Sisi ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii mkoani Rukwa, tunaopita nyumba kwa nyumba na matone ya chanjo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka 1988, mataifa yalipoazimia kuitokomeza polio, ugonjwa huu ulikuwa ukipoozesha watoto wapatao 350,000 kila mwaka. Leo ngome za virusi vya asili zimebaki Afghanistan na Pakistan, ambako wachanjaji wameuawa wakiwa kazini. Umbali huo hautulindi, kwani Februari 2022, Afrika ikiwa imekwisha kuthibitishwa kuwa huru na virusi hivyo, Malawi ilitangaza kupata mgonjwa wa virusi vyenye chimbuko Pakistan.

Mwaka 2023 polio iligundulika kwa mtoto wa mkoa wetu, safari hii kwa virusi vilivyotokana na chanjo. Wazazi hutuuliza habari hii mlangoni, nasi huwajibu bila kuficha: matone yana virusi vilivyodhoofishwa, ambavyo vikizunguka kwa muda mrefu miongoni mwa watoto wasiochanjwa huweza kubadilika na kurudisha makali. Kinachovizuia ni kuchanja watoto wote, wala si kuacha kuchanja.

Ugumu mkubwa ni kwamba adui huyu haonekani. Kati ya watoto 200 walioambukizwa, takriban mmoja tu hupooza, na wengine hucheza kama kawaida huku wakitoa virusi kwa njia ya haja kubwa. Mzazi ambaye hajawahi kumwona mgonjwa hawezi kulaumiwa akituuliza tunakimbizana na nini.

Kwa sababu hiyo, mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mguu au mkono ghafla, hutakiwa zichukuliwe sampuli mbili za kinyesi, zikipishana saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14, nazo zifike maabara zikiwa bado katika ubaridi. Masika barabara za bondeni zikikatika, barafu huyeyuka njiani, na jibu la mtoto huyo hupotea.

Tunakuomba, Mheshimiwa, utusaidie kupata makasha ya baridi na pikipiki, na posho zetu zilipwe kwa wakati, hata katika miaka isiyo na mgonjwa.

Tunaomba kuwasilisha.