Barua kwa Dada Mwanahawa, kuhusu hela ya lori la Zuberi

Laramie, Wyoming
Februari 2026

Dada Mwanahawa,

Shikamoo. Assalaam aleikum wewe, shemeji, Mama na wote hapo Kihonda. Mimi mzima, alhamdulillah. Nimeandika badala ya kutuma sauti kwa sababu sauti zangu mnazisikiliza barazani, na haya si ya baraza. Msomee Mama, ukiruka utakapoona panafaa kurukwa.

Hesabu ya kijana wetu Zuberi, ile anayotaka niitoe mimi, nimeiona kwenye grupu la familia. Shilingi milioni 40, kianzio cha Scania iliyotumika na tela lake, lipige Dar–Lubumbashi, na "kaka atarudishiwa chake ndani ya mwaka." Hakuna mahali palipoandikwa matairi. Hakuna bima, hakuna siku za kulala foleni mipakani Tunduma na Kasumbalesa, hakuna mshahara wa dereva maana dereva ni yeye mwenyewe, kijana ambaye gari kubwa kuliko yote aliyowahi kushika ni Noah ya shemeji. Hata deiwaka wa daladala, wa kushikia gari kwa siku, hajawahi kuwa. Halafu chini yake Shangazi akaongeza la kwake: "Si naye huko ni dereva tu, atakosaje kumwelewa dereva mwenzake?"

Dada, hayo nimelala nayo. Na si mara ya kwanza, kwenye harusi ya Salma alisema mbele za watu kwamba nimepanda ndege kwenda Marekani kuendesha malori kama baba yangu. Kama baba yangu! Kana kwamba Mzee alikuwa mwizi. Lori ndilo lililoezeka paa alilokaa chini yake siku hiyo akila pilau.

Basi mwambie Shangazi hivi. Kichwa cha lori ninachoendesha kina kitanda, friji, na joto linalowaka usiku kucha injini ikiwa imezimwa. Nikijaza dizeli kwenye vituo vikubwa vya barabarani napata pointi, na pointi ndiyo bafu: naitwa kwa namba kama hospitalini, nafungua chumba changu peke yangu, taulo safi zimekunjwa, maji ya moto hayaishi. Pointi hizo hizo nanywea kahawa. Iko stendi moja ya malori, Iowa 80, pale Walcott, wanasema ndiyo kubwa kuliko zote duniani, na mimi siwezi kuwabishia. Ina kinyozi, ina daktari wa meno, ina hadi jumba la makumbusho la malori ya zamani. Nilizunguka humo nikimwaza Mzee, angegusa kila bodi huku akiuliza gia ziko ngapi. Jino langu la nyuma lile lililokuwa likinisumbua tangu Morogoro nililing'olea hapo Walcott, lori limepaki nje na mzigo wa nyama ndani. Shangazi aniambie ni dereva gani wa stendi ya Msamvu aliyepata huduma hiyo.

Na nina la zaidi. Wiki mbili hizi kampuni imeniita ofisini Columbus ikanipa ukufunzi. Kuanzia mwezi ujao wataniwekea vijana wapya ndani ya gari niwafundishe. Picha ya mimi na koti la ukufunzi nimekutumia wewe peke yako. Iweke kwenye grupu unapoona Shangazi yuko hewani.

Ukufunzi huo una maana kwangu kuliko koti, na nitakueleza kwa nini, ndipo utaelewa ninachotaka kusema kuhusu Zuberi.

Nilipofika hapa nilikuwa na miaka yangu ya barabara ya Zambia. Nimeshuka mlima Kitonga na mzigo wa shaba, nimevuka mbuga ya Mikumi usiku tembo wamesimama katikati ya lami. Huku vyote vilikuwa sifuri. Bima zao hazihesabu kilomita za Afrika. Tena tangu Februari 2022 huwezi hata kukaribia mtihani wa kuendesha wa leseni ya malori kabla ya kupita kwenye shule iliyosajiliwa serikalini, nayo ithibitishe kwamba umemaliza mafunzo. Shule ina ada, na anayekosa ada analipiwa na kampuni kwa mkataba: ukiondoka kabla ya mwaka, deni ni lako. Nikasaini, ningefanyaje.

Darasani wanakusimamisha mbele ya gari uguse kila kitu ukikitaja kwa Kiingereza, kimetundikwa na nini, kimefungwa na nini, kisivuje, kisipinde. Breki za upepo zina sala yake, ukikosea mstari mmoja wa jaribio lile mtihani wote umeanguka. Mimi niliyebadilisha chemba za breki kwa mikono yangu gizani pale Makambako nikawa nakariri kama mtoto wa madrasa. Na rivasi! Huku unakaa kushoto, kwa hiyo upande usiouona ni wa kulia, kinyume cha nyumbani. Shingo yangu ilikuwa bado inageukia Tanzania.

Haya, leseni ikapatikana, nikadhani nimemaliza. Kumbe ndiyo kwanza unakabidhiwa kwa mkufunzi, na mnaishi wote ndani ya kichwa kimoja. Wangu alikuwa mtu wa kusini, kitanda cha chini chake, cha juu changu. Kutwa anatafuna mbegu za alizeti na maganda anatemea kwenye chupa. Mchana anaendesha yeye, usiku mimi, na nilipogeuka nyuma kuuliza kitu nikasikia anakoroma. Maili zote za gari, zake na zangu, analipwa yeye, mimi napewa posho ya wiki isiyobadilika. Kila tukifika ghalani ananitoa kwenye usukani arudishe tela mwenyewe, eti nitamchelewesha. Sasa mtu atajifunza rivasi lini? Vijana niliosoma nao walimaliza mafunzo hivyo hivyo, wakakabidhiwa gari peke yao, halafu tunashangaa wanagonga milango ya maghala.

Nilivumilia mpaka usiku mmoja karibu na Chicago. Ghala limebana, malori pande zote, na mlango tuliopewa lazima uingie kwa upande usiouona. Yeye alihangaika, akashuka, akapanda, akatukana. Nikamwambia, bwana, nipe. Nikafungua kioo, nikashuka kuangalia kama Mzee alivyotufundisha, nikarudi, nikalipeleka likaingia bila kugusa kitu. Akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia Tunduma. Hakujua Tunduma ni nini, lakini tangu siku hiyo usukani alikuwa ananiachia.

Kwa hiyo dada, nimekuwa utingo mara mbili, wa Mzee na wa yule bwana. Najua kazi hii inafundishwa vipi na najua inaharibiwa vipi. Zuberi anataka kuruka utingo, kuruka chuo, akakae moja kwa moja kwenye usukani wa tani 56 kuelekea Kitonga. Ndiyo, 56, na hilo nawaringia hata hawa Wamarekani. Gari lao na mzigo wake kwa kawaida mwisho pauni 80,000, yaani tani 36 na kidogo, na bado wanajiona. Sisi tunateremsha zaidi ya hapo kwenye kona zile.

Hela pia isieleweke vibaya. Mnaona picha mnadhani mshahara ni wa mwezi. Silipwi kwa mwezi, nalipwa kwa maili. Gurudumu likisimama, hela imesimama. Ghalani unaweza kukaa nusu siku wanakupakulia taratibu, na saa mbili za kwanza ni zawadi yako kwao. Halafu kuna kompyuta imeunganishwa na injini inahesabu saa: kuendesha mwisho 11, ndani ya siku ya kazi ya saa 14, kisha upumzike 10. Mzee aliyetoka Tunduma akaingia Dar bila kulala angeipiga nyundo. Mimi naipenda, kusema kweli, inanilinda na watu wa ofisini. Lakini haijali kwamba umebakiza maili 20 kufika.

Kama sasa hivi. Barabara ya 80 imefungwa kutoka hapa Laramie kwenda Rawlins, upepo wa pale Elk Mountain unalaza matela ubavuni. Niko salama, mnisamehe kwa kutopokea simu juzi. Baridi ipo, mgongo upo, tuyaache hayo. Mama usimsomee sehemu ya upepo.

Napika mwenyewe humu ndani. Nina jiko dogo la umeme na sembe natoa kwenye duka la Waafrika Columbus, ugali unatoka ingawa unanuka gari zima. Dagaa nilijaribu, mlinzi wa ghala akafunga dirisha lake. Ramadhani hii inayokuja nimeomba mizigo ya kuelekea mashariki. Mwaka jana nilikuwa naenda magharibi kila mara, na ukienda magharibi jua linachelewa, kila ukilikaribia linasogea, nikawa naongezewa mfungo na ramani. Nilifuturu Nebraska kwa tende na maji ya chupa, peke yangu kati ya malori yanayonguruma, nikawaza uji wako wa pilipili manga. Wasafiri tumeruhusiwa kula, najua, msinihubirie. Nilitaka kufunga.

Na usiku wa Wyoming ukiona swala wao hawa wa huku wanavuka barabara, akili inakwambia uko Mikumi na mbele kidogo ni nyumbani. Mpaka ubao wa kijani ukutoe usingizini.

Sasa uamuzi wangu, na mwambie kila mtu ni wangu, si wako, wasije kukugeukia. Milioni 40 sitoi. Na kiwanja cha Mkundi hakiuzwi kwa ajili ya lori, msingi ule nimeumwaga kwa jasho langu na hati iko kwa jina la Mama. Zuberi aende chuo cha ufundi VETA hapo hapo Kihonda, au chuo cha usafirishaji NIT Mabibo, aulize kozi ya magari makubwa, aniletee karatasi ya ada. Ada nitalipa yote, na nauli, na kula. Akitoka huko, Baba Chiku bado anakwenda Lubumbashi na ameshanikubalia atamchukua utingo. Akae naye, abadilishe matairi, alale foleni, akirudi na leseni ya daraja E, ya magari makubwa, mkononi na Baba Chiku akasema anafaa, hapo ndipo tutakaa kuongea lori. Akikasirika akasirike. Tena kijana aliyekasirika namjua, alikuwa mimi, Mzee aliponikatalia ufunguo.

Hela ya miwani ya Mama na ya chakula cha Ramadhani itaingia Ijumaa kwenye namba yako, siyo ya Zuberi. Ikichelewa ujue ni barabara, nisubirini Jumatatu. Shemeji mwambie aufiche ufunguo wa Noah. Nisalimie Salma na mumewe, Mama Chiku, na jirani zetu wote. Shangazi pia.

Mdogo wako,
Idrisa