Shoga, huo mpira wa mtoto

Shoga yangu,

Meseji yako nimeisoma usiku nikashindwa kulala. Namshukuru Mungu mtoto katoka thieta salama, na huo mpira wa kushusha maji ya kichwani mpaka tumboni kashawekewa.

Unauliza mbona wangu alirudishwa thieta mara tatu na kama wako naye yatamkuta. Wangu alikuwa njiti, akapata homa ya uti wa mgongo ndo maji yakajaa kichwani, na mpira kawekewa hajamaliza hata miezi miwili, yaani yote hayo yanaongeza hatari, kichanga kama yule ngozi nyembamba kinga hana, na maji yaliyoletwa na maambukizi yanasumbua sana. Halafu mpira ukishaingia wadudu mara moja, kurudia inakuwa rahisi. Wengi ni wadudu wa ngozini tu, wanaingia siku ya upasuaji, wanaganda kwenye mpira dawa haiwapati vizuri, ndo maana wanautoa wote, anachomwa sindano weee mpaka maji yawe safi ndo anawekewa mwingine, na kila akipasuliwa ni mlango mpya.

Siku ile namwogesha nikaona nyuma ya sikio mpaka shingoni, pale mpira unapopita, pamekuwa pekundu na pa moto, utosi umekaza, maziwa yote anatapika, macho yanaangalia chini tu. Nikasema meno. Nikakaa siku mbili, shoga, hizo siku mbili zinaniuma mpaka leo.

Wako katimiza miezi tisa ya tumbo, kapasuliwa mkubwa kidogo, maambukizi hana, kwa hiyo ana nafuu. Ila mpira kuziba kunaweza kumpata yeyote, hata Marekani na Ulaya kama watoto 4 kati ya 10 mpira unaleta shida mwaka wa kwanza, kwa hiyo ikitokea usije ukajilaumu wala usikubali mtu akwambie umelogwa. Wadudu wao wanajitokeza zaidi miezi sita ya mwanzo. Na wakisema arudi thieta, uliza kama anafaa kutobolewa njia ya maji humohumo ndani ya ubongo kwa kamera, ile waliyoiendeleza Mbale Uganda, nayo inaweza kujifunga lakini mpira haupo.

Chukua futi ya fundi, kila Jumapili mpime kichwa uandike kwenye daftari. Homa, kutapika au usingizi usioeleweka, beba kadi yake uende saa hiyohiyo, usisubiri kliniki.

Jumamosi nakuja, nitalala hapo na wewe upumzike.