Kosa si la "xaxa"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nichangie mjadala usiokwisha kuhusu simu na uwezo wa wanafunzi kusoma na kuandika. Kila matokeo ya mitihani yanapotoka vibaya, lawama huwa ni zile zile: vijana wanachati mno, vifupisho vya simu vimeua lugha, wanyang'anywe simu. Mimi ni mwalimu wa lugha na kazi yangu kubwa ni kusahihisha insha. Naona tumemkamata asiyehusika.

Tuanze na hivyo vifupisho vinavyotukera. Ujumbe mfupi wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na kikomo chake cha herufi 160 kilikuwa kimeshapangwa na wahandisi tangu miaka ya 1980. Ukizidisha herufi moja, ujumbe unahesabiwa kuwa miwili. Halafu kulikuwa na vitufe: kimoja kilibeba herufi kadhaa, ukabonyeza hadi ufike kwenye unayoitaka. Kwenye simu za wakati ule herufi s ilikuwa ya nne katika kitufe cha 7, na x ilikuwa ya pili katika kitufe cha 9. Kuandika "sasa" ulibonyeza mara 10, "xaxa" mara 6. "Sijui" ilidai mara 13, "cjui" mara 9. Waliotuudhi kwa maandishi hayo walikuwa wanabana matumizi, na hesabu zao zilikuwa sahihi.

Leo kwenye kioo cha kugusa s na x zote ni mguso mmoja, na simu yenyewe inakumalizia neno kabla hujafika katikati. Kijana anayeandika "xaxa" sasa haokoi kitu. Ni mtindo wa rika lake, sawa na misimu ya vijana wa kila zama, na anajua vizuri kabisa kwamba neno lenyewe ni "sasa". Kwenye insha ninazosahihisha, "xaxa" ni nadra mno.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Coventry, wakiwemo Beverly Plester na Clare Wood, walichapisha mwaka 2009 matokeo ya kuwapima watoto wa miaka 10 hadi 12. Waliotumia vifupisho kwa wingi ndio waliosoma maneno vizuri zaidi. Hilo halithibitishi kwamba vifupisho vinafundisha kusoma, na kwa wanafunzi wakubwa tafiti zimetoa majibu yanayopishana. Lakini ukifikiri kidogo halishangazi. Mtoto anayeandika "ni2mie" amelivunja neno katika silabi, akasikia kwamba "tu" inalingana na mbili ya Kiingereza, akabadilisha. Asiyesikia silabi hawezi mchezo huo.

Kuna makosa ya tahajia yanayoniumiza kichwa kweli, ila nayo hayakuletwa na simu. "Uyu" badala ya "huyu". "Anaitaji". "Hasante". Na lile baya kuliko yote, "ana" kuandikwa "hana", ambapo mwenye mali anageuzwa maskini kwa herufi moja tu. Haya yanatoka mdomoni. Mtu huandika anavyotamka, na matamshi hayo ni ya zamani kuliko simu yoyote. Tofauti ni kwamba zamani yaliishia kwenye daftari, akayaona mwalimu peke yake. Siku hizi kila mtu anaandika hadharani, kwa hiyo kila mtu anayaona, na tunadhani yamezaliwa jana.

Basi kama si vifupisho, ni nini? Soma insha ya mwanafunzi wa leo, hata yule ambaye tahajia yake haina doa. Utakuta sentensi fupi fupi zimepangwa moja baada ya nyingine, hakuna inayoishika mwenzake. Aya moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Viunganishi ni "na", "halafu", "pia", basi. Utatafuta "ingawa", "ilhali", "licha ya", "kwa kuwa" usivione. Mwanafunzi anadai jambo kisha hasemi kwa nini. Anamtaja mtu ambaye hajatambulishwa. Anaruka kwenda kwenye hoja nyingine kana kwamba msomaji yumo kichwani mwake.

Hayo ndiyo maandishi ya kuchati, hata yakiwa na tahajia safi. Ukichati, kila wazo linakaa kwenye kijisanduku chake, na kitufe cha kutuma kimechukua kazi ya nukta. Huhitaji kuunganisha mawazo kwa sababu mwenzako yupo. Usipoeleweka atauliza "unamaanisha nini?" nawe utafafanua. Ukitaka kuonyesha kwamba unatania, unaweka emoji. Picha ya tukio mnayo wote, huna haja ya kueleza nani alikuwa wapi. Mazungumzo yanajengwa na watu wawili, na kila mmoja anabeba nusu ya mzigo.

Insha haina mtu wa pili. Msomaji wake hawezi kukukatiza, kwa hiyo swali lake inabidi ulisikie wewe kabla hajaliuliza, ulijibu, kisha uendelee. Huo ni ustadi mgumu, na hakuna anayezaliwa nao. Hupatikana kwa kuandika vipande virefu mara nyingi na kusoma vya wengine waliofanikiwa. Saa ambazo kijana angezitumia hivyo ndizo zilizohamia kwenye simu. Anaandika kila siku, pengine kuliko kizazi chochote kilichomtangulia, lakini anaandika aina moja tu ya maandishi. Na hata hiyo inapungua: wengi wameacha kuandika na wanatuma sauti. Tunaolalamikia vifupisho tutavikumbuka, maana angalau vilikuwa maandishi.

Upande wa kusoma una ushahidi mzito zaidi. Mwaka 2013 mtafiti Anne Mangen na wenzake walieleza jaribio walilofanya na wanafunzi 72 wa darasa la kumi nchini Norwei. Baadhi walisoma matini kwenye karatasi, wengine matini zile zile kwenye kompyuta. Wa karatasi walifanya vizuri zaidi katika maswali ya ufahamu. Mwaka 2018 watafiti wengine walikusanya matokeo ya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, na karatasi ikatoka mbele tena. Kwa hadithi, tofauti haikuonekana. Ilionekana kwenye matini za kutoa maarifa, yaani zile za sayansi, historia na jiografia, na iliongezeka pale wasomaji walipowekewa muda. Mwalimu yeyote atatambua kwamba hapo umeelezewa chumba cha mtihani. Tena tulitarajia kuwa kadiri vijana wanavyozaliwa na kukulia kwenye vioo vya simu na kompyuta, pengo lingeziba. Katika tafiti hizo za mwaka 2000 hadi 2017, pengo lilizidi kupanuka.

Sidhani kioo kina sumu. Ni mazoea. Kwenye simu jicho limezoea kuperuzi: linagusa hapa, linaruka pale, kidole kinasukuma ukurasa. Ukilipatia jicho hilo aya ngumu kuhusu usanisinuru, litaifanyia vile vile, na mwenye jicho ataamini ameelewa. Nikimwambia mwanafunzi arudie kusoma, ananiambia ameshasoma. Hasemi uongo. Macho yake yalipita kweli kwenye kila mstari.

Wazazi nao wasijifiche nyuma ya simu za watoto. Napokea malalamiko kuhusu lugha ya vijana kutoka kwa watu wazima wanaoandika "mm naona ww mwl uwe mkali na wtt". Siwacheki, ujumbe umefika na nimeuelewa. Ila mtoto akiona kwamba nyumbani hakuna mtu anayesoma kitu kirefu kuliko ujumbe wa kikundi, hotuba yangu darasani haitamfikisha mbali.

Kunyang'anya simu kunaweza kutuliza darasa, na sipingi. Ufaransa ilipitisha sheria ya kupiga marufuku matumizi ya simu mwaka 2018 kwa shule za msingi na za kati. Lakini simu ikiwekwa kabatini halafu mwanafunzi akaendelea kujaza nafasi wazi na kuchagua jibu A hadi D, hajapata alichopungukiwa. Hapo shule zetu zina kosa ambalo haliwezi kusingiziwa teknolojia yoyote: tumepunguza kazi za kuandika kwa urefu kwa sababu kusahihisha kunachosha. Madarasa ni makubwa na mwalimu ni mmoja, najua.

Yapo yanayowezekana hata hivyo. Mpe mwanafunzi mazungumzo ya kwenye simu, yenye vifupisho na emoji zake zote, ayageuze kuwa ripoti kwa mtu ambaye hakuwepo. Katika kazi hiyo atagundua mwenyewe ni mambo mangapi yaliyokuwa hayasemwi. Mwache aandike kwa mkono, maana simu humwekea herufi kubwa na kumrekebishia tahajia, kalamu haifanyi hivyo, na mapungufu yake atayaona mwenyewe. Kila wiki kuwe na kipindi cha kusoma kimya, matini ndefu, kwenye karatasi, bila maswali ya kuchagua mwishoni. Shule isiyo na vitabu vya kutosha inaweza kudurufu makala moja nzuri ya kurasa nne au tano, ikatumiwa na darasa moja leo na jingine kesho.

Na alama zitolewe pia kwa rasimu. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, insha safi iliyoandikiwa nyumbani haimwambii mwalimu lolote kuhusu aliyeileta. Akili mnemba inajua kuunganisha sentensi vizuri sana, na kuunganisha sentensi ndicho hasa ninachotaka mtoto ajifunze. Rasimu iandikiwe darasani, ikiwa na mikato na mishale yake, mwalimu aipitie aya moja tu na kuandika pembeni: "Kwa nini?" Mwanafunzi airudie aya hiyo akijibu swali. Aya moja kwa kila mtoto kwa wiki inasahihishika hata kwenye darasa kubwa.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa lugha, shule ya sekondari