Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mbio Tunazipoteza Kwenye Bisho

Ndugu wanachama,

Hesabu atawasomea mhazini. Mimi nina jambo moja la kuwaeleza, nalo ni namna tunavyoziongoza katamarani zetu, yaani boti za tanga zenye miili miwili.

Mwaka ulipoanza wengi wetu tuliamini tunashindwa kwa sababu ya matanga kuukuu. Wakati wa kusi nilikaa kwenye boti ya waamuzi hapa Ghuba ya Msasani nikatazama. Kwenye mwendo wa moja kwa moja tulikuwa bega kwa bega na wageni. Tatizo lilikuja kwenye kupiga bisho, yaani kuigeuza boti kwa kuukata upepo unaotoka mbele: wao wanageuka na kuondoka, sisi tumesimama, omo (pua za boti) zimeutazama upepo, boti inarudi kinyumenyume. Hobie 16, aina ya katamarani tunayotumia, ni nyepesi na haina ubao wa kati wa kuizungusha. Ukiipeleka kwa usukani peke yake, itakuaibisha.

Kwa hiyo Jumamosi za mazoezi tulizitumia karibu zote kwa hilo. Ingia kwenye bisho ukiwa na kasi, demani (kamba) ya tanga kuu imekazwa. Usukani usukume taratibu, maana ukiusukuma kwa ghafla unageuka breki. Omo zikifika kwenye upepo, legeza tanga kuu, na tanga la mbele liache lijae kinyume mpaka lizivute omo upande wa pili, ndipo ulibadilishe upande. Wengi wetu tulikuwa tunaliachia mapema mno. Na boti ikianza kurudi nyuma, geuza usukani kinyume. Nimefurahi sana kuona vijana wakilifanya hili bila kuambiwa.

Kwenye mbinu bado tuna kazi. Upepo wa kusi unavuka rasi kabla ya kutufikia, hivyo unakuja kwa mikupuo na kubadili uelekeo. Anayeng'ang'ania upande mmoja kwa sababu tu ndiko alikoanzia anaachwa. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo nao una nguvu. Utazameni kwenye maboya kabla ya kuanza. Tukienda na upepo, tusiufuate moja kwa moja. Tukate pembe, maana katamarani hujitengenezea upepo kwa mwendo wake.

Kaskazi ilipovuma mawimbi yaliingia ghubani, na omo ya upande upepo unakoelekea ilizama mara kadhaa, boti ikapinduka kifudifudi. Hakuna aliyeumia, nashukuru. Omo ikianza kuzama, nyote wawili mlio botini rudini tezi (nyuma ya boti) mapema na mlegeze tanga la mbele.

Kanuni ya Hobie 16 inataka uzito wa wafanyakazi wawili usipungue kilo 129.3. Vijana wetu wengi hawafiki, wanabebeshwa vyuma. Kamati inapendekeza mwakani kila nahodha mzoefu asafiri na kijana mmoja msimu mzima, na zamu ya kushika usukani wapokezane. Naomba mlipigie kura leo.