Supachaja Imefungwa, Injini Inawaka: Kwa Nini Gari Bado Haliondoki Gereji

Mteja akisikia injini imewaka na inaunguruma vizuri, huona kazi imekwisha. Tunaelewa hamu hiyo. Lakini injini inayounguruma bila kukanyagwa haijaitumia supachaja, yaani pampu inayozungushwa na mkanda wa injini ili kuishindilia hewa, hata kidogo. Kazi ya supachaja huanza unapokanyaga mafuta, na kosa la ufungaji hujitokeza papo hapo, wakati pistoni zimebanwa na presha na joto ambavyo injini ya kawaida haikutengenezewa. Mara nyingi kosa lenyewe ni mpira mmoja uliochomoka. Ndiyo maana tunataka kulikuta kabla presha haijapanda.

Tunaanza injini ikiwa baridi. Vipande vya plastisini (udongo laini wa kuchezea) huwekwa juu ya supachaja, kwenye puli na kwenye kona za bomba la hewa, boneti inashushwa taratibu mpaka ijifunge, kisha inafunguliwa na unene uliobaki unapimwa. Injini hucheza juu ya maunti zake (mipira inayoishikilia) gari linapovuta, kwa hiyo plastisini ikibaki na unene chini ya milimita 10 tunarekebisha.

Mkanda tunaukagua kwa rula ya chuma iliyolazwa usoni mwa puli. Puli zikipishana, hata kwa milimita 1 tu, mkanda huanza kulika ukingoni. Mkanda unaoteleza hujitambulisha: vumbi jeusi kuzunguka puli, harufu ya mpira, na geji ya presha inayopanda kisha kushuka mizunguko ya injini ikizidi. Wengi hukimbilia kuukaza, na hapo wanaua beringi za supachaja, pengine na za altaneta. Dawa ni kunyoosha puli, kufuta oili yoyote iliyomwagikia mkanda, na kuhakikisha mshale wa kikaza mkanda umekaa katikati ya alama zake. Mshale ukigota mwisho, mkanda ni wa urefu usio sahihi.

Supachaja inayopata oili kutoka kwenye injini haiwashwi kavu. Tunatoa fyuzi ya pampu ya petroli na kupiga stata kwa sekunde 10, mara mbili, ili oili ifike kwenye beringi. Yenye oili yake peke yake tunaipima kwa kijiti chake, na huongezwa oili iliyotajwa na mtengenezaji tu. Fyuzi ikirudi, swichi inafunguliwa mara tatu au nne bila stata ili pampu ijaze reli (bomba linalogawia injekta petroli), kisha tunapitisha karatasi kavu kwenye shingo ya kila injekta. Oringi (pete ya mpira ya kuziba) iliyojikunja wakati wa kufunga itailowesha karatasi kwa tone moja. Tone hilo likidondokea chuma cha moto, gari linaweza kuungua.

Plagi tunabadilisha kwa zilizo baridi zaidi kwa daraja moja, yaani zinazopoteza joto haraka zaidi, na mwanya tunaupunguza hadi milimita 0.7 au 0.8. Hewa iliyoshindiliwa ni ngumu kwa cheche kuivuka. Ukiacha mwanya mpana, injini itapiga misi kila unapokanyaga sana, na utahangaika kutafuta ubovu kwenye koili zisizo na kosa.

Mipira ya hewa ndiyo inayotumia muda wetu mwingi, na tunautumia kwa makusudi. Mpira mwembamba wa valvu inayorudisha hewa ukisahaulika, hewa hukosa pa kwenda unapoachia mafuta ghafla, na supachaja hupiga kelele na kupata joto bure. Mpira wa servo ya breki (kisaidizi kinacholainisha pedali) lazima uwe na valvu ya upande mmoja inayoshika, la sivyo presha huingia kwenye servo na pedali huwa ngumu. Njia ya hewa chafu ya injini (mvuke unaotoka chini ya pistoni, si moshi wa ekzosi) nayo inahitaji valvu kama hiyo. Isipofunga, presha huingia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kusukuma oili nje kupitia sili. Mfumo mzima tunaujaza moshi wa mashine maalumu na kuangalia unakotokea. Baada ya kuwasha, tunasoma kontroli boksi (kompyuta ya injini): ikiwa inaongeza petroli kwa zaidi ya asilimia 10 injini ikiwa imetulia, na kiasi hicho kinashuka kwenye mizunguko 2,500, kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma.

Kwa magari yanayopima hewa kwa sensa ya presha, kuna mtego mmoja mbaya. Sensa ya kawaida ya baa 1 husoma mpaka karibu kilopaskali 100. Supachaja ikiongeza nusu baa, ndani ya manifoldi (bomba linalogawia silinda hewa) kuna 150. Sensa imegota, kontroli boksi inaamini hewa haijaongezeka, petroli haiongezwi, na pistoni zinatoboka. Sensa ya baa 2 na programu inayoitambua ni lazima.

Kipoza hewa cha maji tunakikagua kwa macho. Fungua kifuniko cha tangi lake pampu ikifanya kazi: maji yazunguke waziwazi. Ukisikia pampu inatetemeka na maji yametulia tuli, kuna hewa imenaswa. Inua pua ya gari, jaza tena.

Kilomita 50 za kwanza gari linaendeshwa polepole, geji ya presha isivuke sifuri. Likishapoa, klempu na boliti za manifoldi hukazwa upya kwa spana ya toku (inayopima nguvu ya kukaza), kwa vipimo vya mtengenezaji, maana gasketi mpya hunywea kwa joto. Ndipo linapanda dino (mashine ya kupima nguvu za gari). Chini ya presha tunataka uwiano wa hewa na petroli kati ya 11.5 na 12 kwa 1, na sensa ya kunoki (inayosikia petroli ikilipuka vibaya ndani ya silinda) iwe kimya. Petroli iwe ya oktani 95 au zaidi, kadiri programu inavyodai. Ile ya zamani iliyobaki tangini tunaitoa yote.

Ukikabidhiwa funguo, lirudishe gari baada ya kilomita 500, kwa sababu mkanda mpya hulegea. Na ukikanyaga ukasikia mlio kama kokoto zinazotikiswa koponi, hiyo ni kunoki: ondoa mguu hapo hapo, endesha bila presha, utupigie simu.